Scheurebe au Riesling: euro kumi ziende wapi?

Riesling inajulikana hata kwa wasiokunywa, na umaarufu huo unalipiwa. Lakini kwa aliyeko Ujerumani anayetafuta mvinyo mweupe wenye harufu ya kweli kwa euro zisizozidi 10, mimi namshauri Scheurebe bila kusita.

Zabibu hii ilizalishwa na Georg Scheu mwaka 1916 huko Alzey, Rheinhessen. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa wazazi wake ni Riesling na Silvaner, hadi vipimo vya vinasaba vikaonyesha kuwa mzazi wa pili ni Bukettrebe. Ikiiva sawasawa inanukia balungi na pasheni. Ikivunwa mapema inanuka mkojo wa paka, wala sitii chumvi. Kwa hiyo mkulima hana budi kuisubiri mtini, huku mvua na ukungu vikiinyemelea, na subira hiyo ina gharama.

Sasa chukua chupa ya euro 3 ya supamaketi. Ujerumani haitozi ushuru wa pombe kwa mvinyo usio na mapovu, ila kodi ya mauzo ya asilimia 19 ipo palepale. Ikitoka hiyo, zinabaki euro 2 na senti 52. Humo mna chupa yenyewe, kizibo, lebo, usafiri na faida ya duka. Kinachobaki kwa zabibu ni kidogo mno. Kwa bei hiyo heri Müller-Thurgau, ambayo huwahi kuiva na haina makuu, au Bacchus ukiipata.

Scheurebe ya mkulima mwenyewe mara nyingi huwa kati ya euro 7 na 12. Riesling ya hadhi hiyohiyo, hasa kutoka kwenye miteremko yenye jina, hupanda juu zaidi. Tafuta kwenye lebo neno Gutsabfüllung au Erzeugerabfüllung: maana yake waliolima ndio waliotia kwenye chupa. Ukiona Abfüller peke yake, huenda mvinyo ulinunuliwa kwa wengine. Wakulima wengi pia huuza chupa za lita nzima kwa bei nafuu, na wageni wakiwa wengi mezani sioni sababu ya kuzionea haya.

Utamu nao huwakwaza wengi. Trocken ni mkavu, kwa kawaida sukari haizidi gramu 9 kwa lita. Halbtrocken hufika 18 hivi. Lakini feinherb haina kipimo cha kisheria, basi tazama kiwango cha kilevi. Kikiwa asilimia 8 au 9, tarajia utamu. Kikipita 12, aghalabu ni mkavu. Kwa samaki wa kupaka au pilau yenye pilipili, mimi nachagua halbtrocken, kwa sababu sukari kidogo hutuliza ukali na harufu ya Scheurebe haimezwi na viungo.

Trockenbeerenauslese, inayotokana na zabibu zilizosinyaa mtini, ni tamu kama asali na nusu chupa yake huweza kupita euro 50. Hiyo ni ya harusi.

Scheurebe kavu inywe ingali changa, harufu ikiwa bado imejaa. Ukitaka chupa ya kuiweka miaka kumi, hapo ongeza pesa ununue Riesling.