Jinsi programu zinavyoita skripti, na hatari iliyojificha humo

MWANAFUNZI wa kompyuta huko Kesses, yaliko makao makuu ya Chuo Kikuu cha Moi, huweza kuandika skripti ya amri, akaiendesha kwa mkono ikafanya kazi barabara, kisha akaiita kutoka ndani ya programu yake ikakataa katakata.

Chanzo ni kwamba kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu inayotawala mitambo ya kompyuta, hakijui kusoma skripti. Skripti ni maandishi matupu. Sharti yasomwe na mkalimani, ambaye mara nyingi ni programu iitwayo sheli.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, programu inayotaka kuanzisha nyingine kwa kawaida hujizalia nakala, kisha nakala hiyo hukiomba kiini kiigeuze kuwa programu mpya. Kiini hutazama mwanzo wa faili. Kikikuta alama #! husoma anwani inayofuata, kwa mfano /bin/sh, kikamwamsha mkalimani huyo na kumkabidhi jina la skripti. Mbinu hii ilibuniwa na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, mwaka wa 1980.

Mstari huo ukikosekana, kiini hukataa. Sheli inayopokea amri kutoka kwa mtu hukataliwa vivyo hivyo, ila yenyewe huichukua skripti na kuisoma. Ndipo mwandishi hudanganyika kwamba kazi yake imekamilika.

Windows, ambayo hutambua skripti zake kwa mkia wa jina kama .bat, huleta kizaazaa kingine. Humaliza kila mstari kwa alama mbili, na Linux kwa moja. Skripti iliyoandikwa huko ikihamishiwa Linux, alama ya ziada, isiyoonekana kwa macho, hujibandika kwenye jina la mkalimani. Kiini humtafuta asiyekuwepo na kujibu kuwa hakuna faili kama hiyo, ilhali skripti ipo pale pale.

Hayo ni maudhi tu. Hatari huanza programu inapounganisha amri na maneno ya mtumiaji kisha kuikabidhi sheli yote kwa pamoja. Kwa sheli, nukta-mkato hutenga amri moja na nyingine. Tuseme ukurasa unaomba namba ya usajili, na mjanja akaandika namba, nukta-mkato, kisha amri ya kufuta mafaili: sheli itatii zote mbili, kwa mamlaka ya programu iliyoiita. Dawa ni kumwita mkalimani moja kwa moja na kumpa kila neno peke yake, bila sheli kuyachambua.

Hata dawa hiyo ina mipaka. Septemba 2014 ilifichuliwa kasoro katika Bash, sheli iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1989, iliyoifanya itekeleze amri zilizofichwa katika taarifa za mazingira ambazo kila programu humrithisha inayeianzisha. Seva za wavuti huweka humo maneno yatokayo kwa wageni. Aliyekuwa ametenga maneno yake kwa uangalifu hakusalimika, ikiwa mkalimani wake alikuwa Bash.