Miaka 30 akihesabu za wenzake, siku ya kuaga kikombe?

Siku hizi mtu akimaliza miaka mitatu ofisi moja, washikaji wanamuuliza kama amelogwa. Sasa mfikirie mhasibu wa halmashauri aliyeanza kazi na nywele zote kichwani, leo kipara kinang'aa, na bado anahesabu fedha zisizo zake!

Chukulia kata ya Songambele, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Kabla ya 2012 Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe, na mambo ya halmashauri yalifuatwa Kayanga. Mkongwe wa fedha wa huko ameona mengi. Kodi ya maendeleo, iliyowafanya wanaume wajifiche migombani, ilifutwa 2003. Ushuru wa mazao ya biashara kama kahawa ulishushwa 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3. Stakabadhi za mkono nazo zikapisha mashine. Kila badiliko, kichwa chake kiliuma kwanza.

Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Siku ikifika, pilau linapikwa, picha zinapigwa, mzee anakabidhiwa kikombe au saa ya ukutani. Kwisha habari!

Utamu, au uchungu, uko kwenye mafao. Watumishi wa serikali walizoea mkupuo wa asilimia 50. Julai 2022 kikokotoo kipya kikaleta 33. Watu wakapiga kelele wee, bajeti ya 2024 ikawapandishia hadi 40. Kinachobaki hulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Aliyepanga nyumba kwa hesabu ya nusu, afanyeje?

Basi jamani, tusingoje siku ya mwisho. Akitimiza miaka 10, apongezwe. Akitimiza 20, apongezwe tena, na akae na afisa utumishi wahakiki tarehe ya ajira, majina na michango yake PSSSF, mfuko uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha LAPF, PSPF, PPF na GEPF. Herufi moja ikipishana kwenye jina, mstaafu anageuka abiria wa kudumu wa mabasi, leo mkoani, kesho Dodoma.

Mei Mosi ijayo mkimpigia makofi mfanyakazi hodari, muulizeni pia, "Mzee, faili lako limekaa sawa?" Kikombe ni kizuri kabatini, ila hakiezeki nyumba.