Dawa za Wasiwasi Hupimwa kwa Miezi, Si kwa Siku

Mgonjwa anayeanza kumeza fluoksetini au sertralini kwa ajili ya wasiwasi uliokithiri, au kwa ajili ya ule ugonjwa wa mawazo sumbufu unaomlazimisha mtu kurudia matendo yale yale, hukutana na ubaya wa dawa kabla ya uzuri wake. Kichefuchefu, kuumwa kichwa, kuharisha, kukosa usingizi na hata wasiwasi wenyewe kuzidi huweza kuanza ndani ya siku chache. Nafuu haina haraka hiyo. Kwa wasiwasi husubiriwa wiki kadhaa, na kwa mawazo sumbufu hufika wiki 8 hadi 12, tena mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko inayotosha kutibu sonona. Anayeamua katika wiki ya pili kwamba dawa haimfai anatazama mizani iliyowekwa mzigo upande mmoja tu.

Halafu yapo makosa ya kulinganisha. Maudhi ya dawa hulinganishwa na afya njema, ilhali mgonjwa hana afya njema ya kupoteza; yanapaswa kulinganishwa na ugonjwa alionao. Huyu ni mtu anayerudi jikoni mara ishirini kukagua koki ya mtungi wa gesi, au anayetawadha upya mpaka sala ya jamaa inamalizika yeye bado yuko bombani, au ananawa mpaka ngozi ya vidole inapasuka. Mara nyingi anajua kabisa kwamba hakuna sababu, na kujua huko hakumsaidii. Kipimo cha Yale-Brown, kilichochapishwa mwaka 1989 na kinachotumika hadi leo, kinauliza mambo hayo hasa: mawazo na matendo haya yanakula saa ngapi kwa siku, yanakwamisha kazi kiasi gani, yanatesa kiasi gani, na mgonjwa anayamudu vipi. Alama zake huanzia 0 hadi 40.

Kwa kipimo hicho, dawa zinafanya nini? Mwaka 2008 watafiti wa mtandao wa Cochrane walijumlisha majaribio 17 yenye washiriki 3,097. Waliopewa dawa za kundi la fluoksetini walishuka alama kama 3 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mpinzani atasema alama 3 kati ya 40 hazistahili kichefuchefu, achilia mbali gharama. Hoja hiyo ina uzito, lakini wastani unachanganya watu wasiofanana: yuko aliyepata ahueni kubwa, yuko ambaye hakupata kitu. Katika majaribio hayo hayo, uwezekano wa kupata nafuu ya maana ulikaribia kuwa mara mbili kwa waliomeza dawa. Hakuna anayeweza kumwambia mgonjwa mapema ataangukia upande gani, ndiyo maana anahitaji kujaribu kwa dozi kamili na kwa muda wa kutosha. Na sharti hilo linambana daktari pia. Wiki 12 zikipita kwa dozi kamili na alama zisishuke, hoja ya kuendelea na dawa ile ile imeisha. Kumwacha mtu akimeza kidonge kwa miaka bila kuuliza kama kinamsaidia ni uzembe, na haufai kuitwa matibabu.

Maudhi nayo hayana umri mmoja. Kichefuchefu kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa na kuchelewa kufika kileleni ni jambo jingine: huweza kudumu muda wote wa kutumia dawa, na ndilo mgonjwa analoona haya kulitaja. Ataacha vidonge kimyakimya, au ndoa itaingia doa bila mwenzake kujua sababu. Daktari ndiye anayepaswa kuanza kuuliza. Klomipramini, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa mawazo sumbufu mwaka 1989, hukausha mdomo, hufunga choo na huweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo huwekwa nyuma ya nyingine. Diazepamu imepangwa kinyume kabisa: inatuliza ndani ya saa moja, kisha ikiendelezwa kwa wiki nyingi mwili unaizoea na kuidai. Anayepima kwa siku ya kwanza ataichagua diazepamu kila mara, na atakuwa amechagua vibaya.

Pingamizi zito zaidi linahusu vijana. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali, kwa kuwa mawazo au vitendo vya kutaka kujiua vilionekana kwa takriban asilimia 4 ya watoto na vijana waliopewa dawa za sonona kama fluoksetini, dhidi ya 2 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo. Hatari hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Lakini uchambuzi wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kati ya vijana wenye mawazo sumbufu, asilimia 52 walipata nafuu kwa dawa dhidi ya 32 bila dawa. Ninachosoma hapo ni wajibu wa kumwangalia kijana kwa karibu katika wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa, si sababu ya kumnyima tiba.

Wapo pia wanaosema tiba ya mazungumzo inatosha. Kwa mawazo sumbufu, ile inayomzoesha mgonjwa kukabili anachokiogopa bila kurudia tendo lake kweli ina nguvu: katika jaribio la mwaka 2005 lenye watu wazima 122, ilisaidia asilimia 62 na klomipramini 42. Mwenye mtaalamu karibu aanzie huko. Ila Tanzania na Kenya wataalamu hao ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Mgonjwa wa wilayani hawezi kuambiwa asubiri asichoweza kukifikia.

Kuacha nako kunahitaji kipimo. Majaribio 28 yaliyojumlishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba, ndani ya mwaka, ugonjwa uliwarudia asilimia 36 ya walioachishwa dawa na 16 ya walioendelea. Kukatisha ghafla huweza kuleta kizunguzungu, hasira na usingizi wa mang'amung'amu, hasa kwa paroksetini. Kama unataka kuacha, mwambie daktari ili dozi ipunguzwe polepole. Na mawazo ya kujiua yakikujia, wakati wowote wa matibabu, usisubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukiwa na mtu unayemwamini.