Laki

Laki ni jina la namba nzima 100,000, yaani elfu mia moja. Hufuata 99,999 na kutangulia 100,001. Ni namba ndogo kuliko zote zenye tarakimu sita. Huandikwa pia 10⁵, maana ni 10 × 10 × 10 × 10 × 10. Laki kumi ni milioni moja.

Jina

Neno hili lina asili katika lugha za Uhindi, tofauti na "elfu" lililotoka Kiarabu. Wahindi huiandika 1,00,000. Katika Kiswahili mkato huwekwa kila baada ya tarakimu tatu.

Vigawo

Vigawo tasa vya laki ni 2 na 5 tu: 100,000 = 2⁵ × 5⁵ = 32 × 3,125. Jumla ina vigawo 36, yaani (5+1) × (5+1). Shilingi laki moja zikigawiwa watu 32, kila mmoja hupata 3,125 kamili. Zikigawiwa watu 3, kila mmoja hupata 33,333 na shilingi moja hubaki, kwa kuwa 3 si kigawo chake. Kwa sababu hiyohiyo 1/32 huishia kwenye 0.03125, lakini 1/3 haina mwisho katika desimali.

Sifa nyingine

* Laki si mraba wa namba nzima, kwa kuwa vipeo vya 2 na 5 ni witiri. Kipeuo chake cha pili ni takriban 316.23.
* Ni jumla ya miraba miwili kwa njia tatu: 316² + 12², 300² + 100² na 260² + 180².
* Chini yake kuna namba tasa 9,592. Kubwa kati ya hizo ni 99,991. Inayofuata baada ya laki ni 100,003.
* Sentimita laki moja ni kilomita moja. Hivyo katika ramani ya kipimo 1:100,000, sentimita moja ni kilomita moja ardhini.
* Sekunde laki moja ni siku 1, saa 3, dakika 46 na sekunde 40.

Kusoma na kuandika

"Elfu ishirini na tano" huweza kueleweka kuwa 25,000 au 20,005. "Elfu mia mbili" ni 200,000, lakini "elfu na mia mbili" ni 1,200. "Laki mbili" haina utata huo. Hata hivyo, sokoni "laki mbili na hamsini" humaanisha 250,000, ilhali kwa maandishi ni 200,050. Kwenye hati ya malipo ni salama kuandika "laki mbili na elfu hamsini" pamoja na tarakimu zake.

Mfano: sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 226,999 katika Manispaa ya Tabora, yenye kata ya Gongoni. Husomwa: laki mbili, elfu ishirini na sita, mia tisa tisini na tisa.