Arobaini ya Peckham

Kwetu pwani, mwanamke aliyejifungua huhesabu arobaini. Mpaka zitimie hatoki nje wala hashiki jiko, na mwili wake uko mikononi mwa wengine: mama yake, shangazi, au mkandaji anayekuja asubuhi na maji ya moto. Uji wa pilipili manga unaiva kabla hajauomba. Mtoto huadhiniwa sikio la kulia na kukimiwa la kushoto, siku ya saba hunyolewa na kupewa jina, na mwenye uwezo huchinja akika. Dini na malezi hapo havitenganiki, na mzazi anaachiwa kazi mbili tu, kunyonyesha na kulala.

Familia ikihamia Peckham, kusini mwa London, hesabu ya siku inasafiri nayo, mikono inabaki nyumbani. Bibi yuko Tanga na viza haijatoka. Baba ana likizo ya wiki 2, kisha anarudi kazini. Mwenye kuziba pengo hilo mara nyingi ni kanisa au msikiti. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Roehampton uliotolewa mwaka 2013 ulihesabu makanisa mapya ya waumini weusi yapatayo 240 katika manispaa ya Southwark, ambamo Peckham imo. Mengi hayana mnara wala kengele. Yamo ndani ya maghala ya upande wa Old Kent Road na vyumba vilivyo juu ya maduka. Kwenye barabara hiyo hiyo uko msikiti wa Waislamu wenye asili ya Nigeria. Waswahili hapa ni wachache kuliko watu wa Afrika Magharibi, lakini Myoruba naye ana siku yake ya kumpa mtoto jina, ya nane, na hahitaji kuelezwa kwa nini mzazi asikae peke yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya imani ughaibuni: kabla ya fundisho lolote, inamleta mtu mlangoni na sufuria ya wali.

Serikali nayo ina hesabu yake. Siku ya 5 mkunga humtoboa mtoto kisigino kupima damu. Kati ya siku ya 10 na ya 14 muuguzi wa watoto hubisha hodi. Na ndani ya siku 42 kuzaliwa lazima kuandikishwe. Arobaini na siku mbili! Mama anayetimiza arobaini zake ndani anatoka na siku 2 mkononi.

Kwa waliooana kisheria hilo si tatizo, kwa kuwa mmoja wao anatosha kwenda. Baba aende, mama apumzike. Nikaha iliyofungwa Zanzibar au Mombasa kwa kufuata sheria ya huko inatambuliwa. Shida iko kwa nikaha iliyofungwa sebuleni London na sheikhe peke yake, au ndoa iliyobarikiwa na mchungaji katika ukumbi ambao haukusajiliwa kwa ndoa. Waumini wanawajua kuwa mume na mke, msajili hawajui. Baba huyo akienda peke yake, jina lake halitaingia kwenye cheti. Waende wote wawili, au asiyeweza kufika atie saini tamko rasmi la kisheria, mwenzake alipeleke. Tangu tarehe 1 Desemba 2003, baba asiye na ndoa ya kisheria anayeandikishwa pamoja na mama hupata mamlaka ya mzazi, yaani sauti katika matibabu, shule na dini ya mtoto. Asiyeandikishwa hana mamlaka hayo mpaka ayapate kwa njia nyingine ya kisheria, hata kama ni yeye aliyemuadhinia. Ningependa kila sheikhe na kila mchungaji alitamke hili siku ile ile anapofungisha ndoa.

Kuna pia suala la tahniki, yaani kumlambisha mtoto mchanga kitu kitamu. Asili yake ni tende, ila nyumba nyingi hutumia asali. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja: yaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza misuli, na utumbo mchanga hauna kinga dhidi yake. Rudini kwenye tende. Ilainisheni kwa maji yaliyochemshwa, kidole kiwe safi, mguseni kaakaa kwa ule utamu tu. Na kwa kuwa mama na mtoto wanakaa ndani, katika nchi yenye jua haba, mtoto anayenyonya apewe matone ya vitamini D kila siku tangu kuzaliwa.

Mtoto akianza kukimbia ndipo fimbo ya kitabu cha Mithali inapotajwa. Scotland ilifuta utetezi wa kumchapa mtoto mwaka 2020, Wales mwaka 2022. England bado inamwachia mzazi utetezi wa adhabu ya kadiri. Wazazi huniuliza kadiri hiyo inaishia wapi. Badala ya kuwapimia, mimi huwasimulia habari ya William Blake, mshairi na mchoraji. Karibu mwaka 1765, akiwa mtoto, alirudi nyumbani kutoka Peckham Rye akasema ameona mti umejaa malaika. Baba alitaka kumchapa kwa kusema uongo, mama akamzuia. Nyumba ile ilikuwa ya watu wa dini, na bado aliyemlinda mtoto anayesema habari za malaika ni yule aliyezuia kipigo. Niko upande wa mama huyo.

Nawe uliye Peckham au jirani: ukisikia kuna mama amejifungua na ndugu zake wako mbali, usingoje tangazo la Ijumaa wala la Jumapili. Mpelekee uji, mshikie mtoto saa mbili apate kulala, na umuulize kama wameshakwenda kuandikisha.