Neno Dogo, Hatari Kubwa: Kujizoeza Kusoma Kiingereza cha Hospitali



Kila mmoja wetu anajua maana ya kibao cha hatari. Mtu akikipita bila kukisoma, hasara ni yake na ya wenzake. Mara hii ukurasa wetu unataka kuzungumza juu ya kibao cha namna nyingine: neno la Kiingereza juu ya chupa ya dawa, juu ya mfuko wa kiwandani, au katika karatasi ya mgonjwa.

Jambo hili linamhusu nani? Kwanza linawahusu wauguzi wetu, wale tunaowaita infirmie, pamoja na wakunga na wanganga waliosoma kwa Kifaransa. Wengi wao ni watoto wa wachimba madini. Leo vitabu na magazeti mengi ya uganga yanachapwa kwa Kiingereza. Ukivuka mpaka pale Kasumbalesa na kuingia Zambia, hospitali zinaandika kwa Kiingereza. Tena wako vijana wanaojitayarisha kwa mtihani wa Kiingereza cha watu wa afya, ule unaojulikana kwa herufi tatu: OET.

Lakini linamhusu pia mfanyakazi wa mgodi na jamaa yake. Tutaona sababu.

MTIHANI WENYEWE NI WA NAMNA GANI?

Mtihani huu ulitungwa nchini Australia mwishoni mwa miaka ya 1980. Hauulizi Kiingereza cha sokoni wala cha hadithi, bali Kiingereza cha kazi ya afya. Ni wa kazi 12, na kati yao mna uganga, uuguzi, ufamasia na kazi ya meno. Baraza la wauguzi la Uingereza lilianza kuupokea mwaka 2017, na baraza la wanganga likafuata mwaka 2018.

Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Alama zinahesabiwa toka 0 hadi 500, na 350 ndiyo mwanzo wa daraja B, ambalo mabaraza mengi yanalidai. Hapa tutashika kusoma tu, kwani ndipo watu waliosoma kwa Kifaransa wanapojiamini zaidi, na ndipo wanapojikwaa.

Kusoma kunachukua dakika 60 na kuna maswali 42, katika mafungu matatu:

Fungu la kwanza lina maandishi manne mafupi juu ya jambo moja, kwa mfano kuungua moto au sumu. Maswali ni 20 na muda ni dakika 15 tu. Hesabu mwenyewe: sekunde 45 kwa kila swali. Anayetaka kusoma yote toka mwanzo hadi mwisho hatamaliza. Inafaa kutafuta haraka, kama mtu atafutaye jina lake katika orodha ya mshahara. Na majibu ya kuandika yatakiwa kuandikwa herufi kwa herufi bila kosa.

Fungu la pili lina vipande sita vya karatasi za kazini: amri ya hospitali, maelezo ya chombo, taarifa kwa wauguzi. Kila kipande kina swali moja.

Fungu la tatu lina maandishi mawili marefu, ya maneno kama 800 kila moja, na maswali manane kwa kila moja. Hapa wanauliza mwandishi anafikiri nini, anakubali au anakataa. Fungu la pili na la tatu yanagawana dakika 45. Kamusi hairuhusiwi.

MANENO MAKUBWA SI ADUI

Wengi wanaogopa maneno marefu ya uganga. Ni hofu bure. Maneno hayo yalitoka katika Kigiriki na Kilatini, na Kifaransa na Kiingereza waliyagawana kama ndugu. Anayejua «méningite» atatambua «meningitis». Anayejua «hépatite» atatambua «hepatitis». Mfanyakazi aliyesikia «silicose», ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, atatambua «silicosis» pasipo mwalimu.

Adui ni wa aina tatu: maneno yanayofanana kwa sura na kuachana kwa maana, maneno madogo, na hesabu.

MAPACHA WA UONGO

Tazama maneno haya. Yanafanana sana, lakini kila moja lina njia yake.

«Angine» kwa Kifaransa ni ugonjwa wa koo. «Angina» kwa Kiingereza, mara nyingi, ni maumivu ya kifua yatokayo kwenye moyo. Mmoja anaumwa kumeza mate, mwingine yuko katika hatari ya kufa.

«Anthrax» kwa Kifaransa ni majipu yaliyoungana pamoja. «Anthrax» kwa Kiingereza ni kimeta, ugonjwa mkali unaopatikana kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na unaomshika mtu pia. Kwa Kifaransa kimeta kinaitwa «charbon», jina lile lile la makaa.

«Délivrance», katika kazi ya wakunga, ni kutoka kwa kondo la nyuma. «Delivery» kwa Kiingereza ni kuzaa kwenyewe. Mkunga akichanganya, saa aliyoiandika katika karatasi ya mzazi si saa ya kweli.

«Préservatif» ni kondomu. «Preservative» ni dawa ya kuzuia chakula au dawa nyingine isiharibike.

«Physicien» ni mtaalamu wa fizikia. «Physician» ni munganga.

Na hili, wachimba madini, lisikilizeni vizuri. «Intoxication» kwa Kifaransa ni kuingiwa na sumu: kwa chakula, kwa dawa au kwa hewa mbaya. Kwa Kiingereza cha kila siku «intoxicated» maana yake ni amelewa pombe. Tuseme mfanyakazi amevuta moshi wa mashini pahali pasipo hewa, akaanguka. Muuguzi mwenye nia njema anaandika taarifa kwa Kiingereza na kutafsiri neno la Kifaransa vile lilivyo. Msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba mtu huyu alikuja kazini amelewa! Ajali ya kazi imegeuka kuwa kosa la mfanyakazi. Neno lifaalo ni «poisoning», yaani kuingiwa na sumu. Neno moja linaweza kulinda jina la mtu na haki ya watoto wake.

MANENO MADOGO

Sentensi nyingi zinaharibika si kwa sababu ya neno la uganga, bali kwa neno dogo linaloshika sentensi, kama vile parafujo dogo linavyoshika mashini kubwa. Soma sentensi hii:

«Do not give the tablet unless the patient has eaten.»

Maana yake: usimpe mgonjwa kidonge mpaka awe amekwisha kula. Lakini mwenye haraka anaruka «unless», anaona «do not give» na «has eaten», naye anaelewa kinyume: usimpe mgonjwa aliyekula. Neno moja tu, na kazi yote imepinduka.

Andikeni haya mbele katika kaye: «unless», isipokuwa, «until», mpaka, «although», ingawa, «at least», si chini ya, «no more than», si zaidi ya, «withhold», zuia, usitoe, «must», ni lazima, «should», inafaa, «may», yaweza kuwa.

Kuna pia maneno ya nyumbani ambayo wagonjwa wanayasema. «Swelling» ni uvimbe. «Rash» ni upele. «Dizzy» ni mwenye kizunguzungu. «Stool» ni kiti kidogo, lakini hospitalini ni choo kikubwa cha mgonjwa. Tena maneno mawili mafupi yakiungana yanazaa maana mpya: «pass out» ni kuzimia, «throw up» ni kutapika, «wear off» ni nguvu ya dawa kupungua na kwisha. Anayejua kila neno peke yake bado hajajua kitu. Ayashike pamoja, kama mume na mke.

Na herufi fupi zinageuka pia. Tunayoiita VIH wao wanaiita HIV. OMS ni WHO. TA, yaani mkazo wa damu, kwao ni BP.

HESABU: NUKTA NA MKATO

Hapa ndipo hatari ilipo kubwa kuliko pote. Tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika mbili na nusu hivi: 2,5. Waingereza wanaandika 2.5. Kwao mkato unatenga maelfu. Basi «1,000» kwa Mwingereza ni elfu moja. Kwa aliyezoea Kifaransa yaweza kusomeka kama moja kamili. Tofauti ni mara elfu!

Tena wako wanaoandika «.5» bila sifuri mbele. Nukta ikififia kwenye karatasi, nusu inakuwa tano, yaani dawa mara kumi. Desturi njema ni kuandika sifuri daima: 0.5. Na ukiwa na shaka, usikisie. Uliza.

MFANYAKAZI ANAFAIDI NINI?

Mifuko na mapipa mengi yanafika viwandani na maandishi ya Kiingereza. Kijana akitazama kamusi ataona kwamba «lime» ni ndimu. Ni kweli, lakini juu ya mfuko wa kiwandani «lime» ni chokaa. «Quicklime» ni chokaa kali, ile inayoitwa kwa Kifaransa «chaux vive», inayounguza macho na ngozi. «Lead» katika kitabu cha shule ni kuongoza. Juu ya pipa ni risasi, yaani «plomb», madini yenye sumu. «Flammable» na «inflammable», yote mawili, maana yake ni chenye kushika moto. Asidanganyike mtu kwamba la pili linakataa la kwanza.

Basi muuguzi anayejizoeza nyumbani anaweza kuwa mwalimu wa baba yake, na baba anaweza kumletea maneno aliyoyaona kazini. Lakini aandike jina tu katika kipande cha karatasi. Mfuko mtupu wa kiwandani usiingie nyumbani.

NAMNA YA KUJIZOEZA NYUMBANI

1. Fungua kaye moja ya maneno. Kila siku andika maneno matano: neno, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi fupi. Kwa siku sita ni maneno 30. Kwa majuma kumi ni 300. Haba na haba hujaza kibaba.

2. Soma kwa saa. Weka saa mezani, chagua karatasi fupi, jipe dakika 15. Saa ikifika, weka biki chini, hata kama hujamaliza. Katika mtihani mtu haongezewi muda kwa sababu hajamaliza.

3. Soma karatasi za kweli. Karatasi iliyo ndani ya pakiti ya dawa mara nyingi imeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza pamoja. Soma Kiingereza kwanza, sema umeelewa nini, kisha angalia Kifaransa. Hiyo ni shule isiyoomba feza.

4. Soma swali kwanza, kisha maandishi. Piga mstari chini ya neno dogo linaloshika maana.

5. Siku ya Mungu, rudia makosa ya juma zima. Usirudie uliyoyajua, rudia yaliyokushinda.

Na jamaa wafanye nini? Hata asiyejua Kiingereza anaweza kusaidia. Mama au mtoto ashike kaye, asome maana ya Kiswahili, naye muuguzi ataje neno la Kiingereza herufi moja moja. Mwenye kaye afuate kwa kidole: herufi ikikosewa, ataona. Mpeni pia saa moja ya utulivu, redio ikiwa chini. Lakini anayetoka posti ya usiku alale kwanza. Kichwa kilichochoka hakishiki neno, na kazini kinaleta ajali.

JIHADHARINI NA WADANGANYIFU

Mtihani si kazi, wala si viza. Anayesema «lipa, nitakupa cheti bila kuketi kwenye mtihani» ni mwizi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni liliweka Kongo katika orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watu wa afya, na Uingereza inafuata kanuni ya kutowaendea wauguzi wa nchi hizo ili kuwatoa. Mtu mwenyewe anaweza kuomba kazi kwa mapenzi yake. Lakini mwakilishi anayezunguka kambini na kuahidi kazi ya Ulaya kwa feza, mfukuzeni. Mifano ya mtihani inatolewa bure na wenye mtihani wenyewe. Kabla ya kulipa chochote, soma masharti ya baraza la nchi unayoitaka, kwani hubadilika.

Na asiyetaka kusafiri asidhani kwamba amepoteza muda. Muuguzi anayesoma Kiingereza sawasawa atawafaa wagonjwa wa hapa hapa: atasoma maelezo ya dawa mpya, ataelewa maandishi ya chombo kipya, na atampokea mgonjwa aliyetoka Zambia na karatasi yake mkononi.

Ndugu, mgodini tumefundishwa: angalia dari kabla ya kuingia. Katika kusoma ni vile vile. Angalia neno dogo, angalia nukta, angalia pacha wa uongo.

Soma. Fahamu. Ukiwa na shaka, uliza. Ndipo utende.