Subira ya Mwenye Mali

Jamaa zetu wa Al Thumama, siku hizi kwenye baraza vijana huzungumza bei za hisa kama wazee wetu walivyozungumza bei ya karafuu. Wapo wanaotaka akiba za ukoo zitiwe humo. Si vibaya, lakini kwanza wasome habari za Tony Dye wa London.

Bwana huyu alikuwa mkuu wa uwekezaji katika kampuni ya Phillips & Drew, iliyotunza fedha za pensheni za wafanyakazi wengi wa Uingereza. Katikati ya miaka ya 1990 alipiga hesabu, akaona bei za hisa zimepanda kupita faida za makampuni yenyewe. Basi akauza hisa nyingi, akaweka taslimu kiasi cha pauni bilioni 7. Soko likazidi kupanda, mwaka baada ya mwaka, naye hakubadili neno lake. Magazeti yakambandika jina la Daktari wa Maangamizi. Wenye fedha walipoona jirani anavuna nao hawavuni, wakaanza kuhama.

Machi 2000 ikatangazwa kuwa anaondoka kazini. Tarehe 10 ya mwezi huo huo soko la Nasdaq la Marekani lilifika kileleni, kisha likaporomoka. Huko London, kipimo cha FTSE 100 kilikuwa 6,930 mwisho wa 1999. Machi 2003 kilishuka chini ya 3,300. Hesabu ilitimia, mwenye hesabu hayupo. Alifariki 2008.

Na hapa Ghuba tuna mfano wetu. Mwaka 1982 Suq al-Manakh ya Kuwait ilianguka, ikaacha cheki za tarehe za mbele za zaidi ya dola bilioni 90. Walioonya mapema kabla ya siku hiyo, nani aliwasikiliza huku bei zikipanda?

Twasema subira huvuta heri. Lakini subira ya mtunzaji haifai kitu bila ya subira ya mwenye mali. Basi kabla ukoo haujamkabidhi mtu fedha, wakae wakubaliane: tutavumilia miaka mingapi kuona wenzetu wanapata nasi hatupati? Jibu liandikwe, litiwe saini. Na ada za skuli za watoto zisiguswe kabisa.